Jino limetolewa, nani anamfuata mgonjwa nyumbani?

Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, habari za afya zinazotoka mashariki ya nchi yetu zimekuwa za majeruhi wa risasi, kipindupindu, na akina mama wanaojifungulia njiani. Ni haki zitangulie. Lakini kuna wagonjwa wengine ambao hawahesabiwi katika ripoti yoyote. Hawa ni watu waliotolewa jino, wakarudi nyumbani, na siku ya tatu au ya tano wakaanza kuvimba shavu na shingo. Katika parokia nyingi watu huwajua, kwa sababu siku ya Mungu huonekana wamefunga kitambaa kichwani, hawaimbi, hawali. Wengine hupona. Wengine hufika hospitalini wakiwa hawawezi tena kumeza mate.

Makala hii inachambua jambo moja. Kutoa jino ni kazi ya dakika chache, lakini kidonda kinahitaji juma nzima la kuangaliwa. Mfumo wetu wa afya, tangu zamani na zaidi sana tangu vita hivi, unalipisha kutoa jino na kuiacha juma ile bila mlinzi. Na ni ndani ya juma ile ndipo watu wanapotea.

Jino la mwisho na kidonda chake

Jino tunaloliongelea hapa ni gego la mwisho, lile ambalo wengi huliita jino la akili, kwa sababu hutoka mtu akiwa amekwisha kukua, kwa kawaida kati ya miaka 17 na 25. Mara nyingi nafasi haitoshi kwenye taya. Jino hutoka nusu, au hulala ubavu, na nyama ya fizi hulifunika kama kifuniko. Chakula huingia chini ya kifuniko hicho, huoza, na fizi huvimba. Ndiyo sababu vijana wengi wenye meno mazuri kabisa hujikuta wanatafuta munganga wa meno kwa mara ya kwanza katika maisha yao.

Kutoa gego la chini si sawa na kutoa jino la mbele. Mizizi yake iko ndani ya mfupa mnene. Mara nyingine munganga hulazimika kukata fizi, kuondoa mfupa kidogo, na kulipasua jino vipande. Kinachobaki ni shimo ndani ya mfupa, katika kinywa chenye vijidudu vingi, karibu sana na njia ya pumzi. Ni kidonda cha upasuaji. Tofauti ni kwamba aliyepasuliwa tumbo hulazwa na kuangaliwa kila asubuhi, lakini aliyetolewa jino huambiwa aende zake.

Mwili una dawa yake ya kwanza. Damu hujaa ndani ya shimo na kuganda. Bonge hilo la damu ndilo linalofunika mfupa mpaka nyama mpya iote. Uvimbe wa shavu huongezeka mpaka siku ya pili au ya tatu, kisha huanza kupungua. Mdomo huwa mgumu kufunguka kwa siku kadhaa. Mate huwa na rangi ya damu siku ya kwanza. Hayo yote ni ya kawaida, na mgonjwa akielezwa mapema hatatishika.

Matatizo yana siku zake

Anayemuangalia mgonjwa nyumbani anaweza kujua mengi kwa kuhesabu siku.

Siku ya kwanza, tatizo ni damu. Matone machache yakichanganyika na mate huonekana kama damu nyingi sana, na familia huogopa. Cha kufanya ni kukunja kitambaa safi au gazi, kukilowesha kidogo, kukiweka juu ya shimo lenyewe na kuuma kwa nguvu dakika 30 bila kufungua kila mara kutazama. Mgonjwa akae kitako, asilale. Damu ikiendelea kujaa kinywani hata baada ya saa moja ya kuuma vizuri, arudi kwa munganga siku ileile, hata kama ni jioni, kwa sababu pengine anahitaji kushonwa. Wenye ugonjwa wa ini, wenye ugonjwa wa damu kutoganda, na wanaotumia dawa za kupunguza mgando wa damu wanapaswa kumwambia munganga kabla jino halijaguswa. Aspirini haifai kwa maumivu ya jino lililotolewa, maana huzidisha kutoka damu.

Kati ya siku ya pili na ya nne huja tatizo la pili. Bonge la damu limetoka kabla ya wakati na mfupa umebaki wazi. Mgonjwa alikuwa anaanza kupata nafuu, kisha maumivu yanarudi makali kuliko ya mwanzo, yanapanda sikioni, na kinywa kinanuka. Kwa kawaida hakuna homa, hakuna usaha, na shavu halivimbi upya. Waganga wa meno huliita shimo kavu. Linawapata zaidi waliotolewa gego la chini, wanaovuta sigara, na wanawake wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi. Matibabu yake ni rahisi: munganga huosha shimo kwa maji ya chumvi safi, huweka dawa ya kutuliza ndani yake, na hutoa dawa ya maumivu. Vidonge vya kuua vijidudu havisaidii hapa, kwa sababu shida ni mfupa uliofunuliwa. Mtu anaweza kumeza amoksisilini juma nzima na asipate usingizi hata usiku mmoja.

Tatizo la tatu ndilo la hatari. Vijidudu vimeingia ndani ya nyama. Dalili yake ni uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu wakati ungepaswa kupungua, pamoja na homa, usaha au ladha chungu kinywani, na taya linalozidi kukaza. Gego la chini likiambukizwa, usaha unaweza kushuka chini ya ulimi na kuingia shingoni. Nyama ya chini ya kidevu inakuwa ngumu kama ubao pande zote mbili, ulimi unasukumwa juu, sauti inabadilika, mgonjwa anatokwa mate kwa sababu hawezi kumeza. Munganga mmoja wa Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kabla ya dawa za kuua vijidudu kupatikana, zaidi ya nusu ya waliopatwa nao walikufa, wengi wao kwa kukosa pumzi. Leo anayefika mapema huokolewa. Anayechelewa anakufa kama walivyokufa watu wa karne ile, hata kama dawa iko kwenye kabati ya hospitali.

Kati ya tatizo la kwanza na kifo kuna siku nyingi. Ugonjwa huu kwa kawaida hautupigi ghafla kama ajali ya barabarani. Unapiga hodi siku ya tatu, unapiga tena siku ya nne. Swali ni kwa nini hakuna anayefungua mlango.

Kwa nini mgonjwa harudi

Sababu ya kwanza ni namna tunavyolipa. Katika vituo vyetu vingi vya afya, vya serikali, vya watu binafsi na hata vya makanisa, kila tendo lina bei yake. Fishi inalipiwa, sindano inalipiwa, kutoa jino kunalipiwa, na kurudi kuangaliwa kunalipiwa tena. Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 22 anayebeba mizigo sokoni. Amekusanya franga za kutoa jino kwa majuma mawili. Amelipa zote. Siku ya nne maumivu yakirudi, mfukoni hana kitu, na tangu siku ile hajafanya kazi. Kwake kurudi kwa munganga ni deni jipya, na anajua kwamba akilazwa bila kulipa fakitira anaweza kuzuiliwa hospitalini mpaka ndugu zake walipe. Basi anangoja.

Sababu ya pili ni vita. Mabenki ya Goma yalifunga milango mwezi wa Januari 2025, na watu wengi waliokuwa na akiba ndogo wakashindwa kuifikia. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa kwa vita hivyohivyo, na dawa zilizokuwa zinakuja kwa ndege zikalazimika kutafuta njia ndefu. Kutoka Sake hadi Goma ni karibu kilomita 25 tu, lakini kwa mgonjwa ambaye shingo yake inavimba saa mbili usiku, kilomita 25 zenye giza, vizuizi na watu wenye silaha ni safari ambayo hakuna mtu wa moto anayekubali. Familia husema, tungoje kukuche. Kwa maradhi mengine kungoja mapambazuko ni busara, lakini uvimbe wa shingo unaweza kuifunga njia ya pumzi usiku huohuo.

Sababu ya tatu ni kwamba hospitali zenyewe zimelemewa. Hospitali ya CBCA Ndosho, mjini Goma, ambayo husaidiwa na Kamiti ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ilipokea majeruhi wengi sana wakati wa mapigano ya Januari 2025, kupita vitanda vyake. Kazi ile ilikuwa ya heshima, na ni kazi ya kanisa. Lakini chumba cha upasuaji kikiwa kimejaa waliopigwa risasi, mtu mwenye uvimbe wa taya huambiwa asubiri kwenye benchi. Muuguzi aliyechoka anaona jino tu.

Sababu ya nne inatoka mbali. Mwezi uleule wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje, na tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, likafungwa rasmi. Marekani ilikuwa imetoa kwa Kongo msaada wa kibinadamu mwingi kuliko mfadhili mwingine yeyote. Misaada ile haikuwa ya meno. Lakini ilisaidia kulipia dawa, vifaa na wafanyakazi wa vituo ambavyo mgonjwa wa jino pia alitegemea. Kituo kikipoteza gazi, glavu na dawa za usingizi wa sehemu, kutoa jino kunaendelea, lakini kwa uchafu na kwa maumivu zaidi.

Na kabla ya hayo yote, waganga wa meno walikuwa wachache. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 juu ya afya ya kinywa ilionyesha kwamba magonjwa ya kinywa yanawapata watu karibu bilioni 3.5 duniani, na kwamba katika kanda ya Afrika kuna waganga wa meno takriban 3 kwa kila watu 100,000, wakati wastani wa dunia ni takriban 33. Hao wachache wetu wako zaidi mijini. Kijijini, anayetoa jino ni muuguzi aliyejifunza kwa kuangalia, au mtu wa sokoni mwenye koleo na chupa ya pombe.

Juu ya mtu huyu wa sokoni tuseme wazi. Watu humwendea kwa sababu yuko karibu na bei yake ni nafuu, wala si kwa ujinga. Hatari yake iko mahali pawili. Koleo lisilochemshwa vizuri linaweza kubeba homa ya ini ya aina B, na virusi vya ukimwi, kutoka kinywa kimoja hadi kingine. Na mara nyingi yeye huvunja jino na kuacha mzizi ndani, kisha anahamia soko lingine. Siku ya tano, mgonjwa hana hata mtu wa kumuuliza.

Duka la dawa limekuwa munganga

Mgonjwa asiyerudi kwa munganga huenda kwenye farmasi ya pembeni au ligablo. Humo huuziwa vidonge viwili vya hiki, vinne vya kile, kadiri ya franga alizonazo. Tunapaswa kufahamu madhara yake.

Amoksisilini na metronidazoli ni dawa nzuri zikitolewa kwa sababu, kwa kipimo na kwa siku zilizotimia. Zikimezwa siku mbili kisha zikaachwa maumivu yakipungua, vijidudu vilivyobaki hupata nguvu ya kuzizoea. Tena, usaha uliokwisha kukusanyika hauondolewi na vidonge peke yake. Lazima utolewe kwa mkono wa munganga. Anayeendelea kumeza vidonge huku shavu linajaa anapoteza siku ambazo hatazipata tena.

Hatari kubwa zaidi ni deksametazoni, vidonge vidogo ambavyo wengi wanavitumia hata kwa kunenepa. Kwa kweli hupunguza uvimbe, na kuna waganga wanaoitoa kwa kipimo maalumu wakati wa upasuaji wa meno. Lakini mgonjwa mwenye usaha akiimeza mwenyewe, uvimbe unapungua kwa nje na kinga ya mwili inadhoofika kwa ndani. Familia inashukuru kwamba amepata nafuu, na kumbe vijidudu vinaenea.

Kwa maumivu, parasetamoli inatosha kwa wengi. Mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Ibuprofeni husaidia zaidi kwa maumivu ya meno, lakini haiwafai wenye vidonda vya tumbo, wenye ugonjwa wa figo, na wanawake wajawazito wasiimeze bila kuuliza. Na yale mengine yanayowekwa ndani ya shimo, kama tumbaku, petroli, pombe kali au majani yaliyosagwa, yote huunguza nyama au kuingiza uchafu.

Je, ni wakati wa kuongea juu ya meno?

Msomaji anaweza kuuliza: watu wanalala kwenye mahema, watoto wanakufa kwa utapiamlo, nanyi mnatuletea habari za gego? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu.

Jibu la kwanza ni kwamba mkimbizi pia ana meno. Tena yeye ndiye aliye katika hatari zaidi. Asiyekula vizuri, mwenye ugonjwa wa sukari usiotibiwa, mwenye virusi vya ukimwi ambaye dawa zake zimekatika kwa sababu ya kukimbia, kidonda chake cha kinywa hakiponi kama cha wengine.

Jibu la pili ni la hesabu. Kuosha shimo kavu kunahitaji maji ya chumvi, gazi na dakika kumi za muuguzi aliyefundishwa. Kumpasua shingo mgonjwa aliyechelewa kunahitaji chumba cha upasuaji, oksijeni, daktari wa usingizi na siku nyingi za kulazwa. Hospitali iliyojaa majeruhi inapata nafuu kila mara mgonjwa wa jino anapotibiwa mapema katika kituo cha karibu. Kwa hiyo kumwangalia mgonjwa wa jino ni njia mojawapo ya kumtunzia majeruhi kitanda.

Kwenye karatasi, serikali za dunia zilikwisha kukubaliana. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuingiza afya ya kinywa katika huduma za msingi za afya kwa wote. Kongo nayo ilianza mpango wake wa afya kwa wote. Mwaka 2023, huko Kinshasa, ulianza kwa kujifungua bila malipo na matunzo ya mtoto mchanga. Ni mwanzo mzuri, na hakuna anayeupinga. Lakini huku mashariki, ambako utawala umegawanyika na ofisi zinazopaswa kulipa vituo ziko upande mwingine wa mstari wa vita, mpango wowote wa Kinshasa unafika umechoka. Tukingoja meno yaingie kwenye orodha yake, watoto wetu watakuwa wameota magego yao na kuyapoteza.

Makanisa yana nini mkononi

Makanisa ya Kiprotestanti ya Kongo si wageni katika kazi ya afya. Kati ya zoni za afya zaidi ya 500 za nchi yetu, nyingi zilijengwa juu ya hospitali za misheni. Mpango wa SANRU, ulioanzishwa na Kanisa la Kristo katika Kongo mwaka 1981, ulisaidia kuzisimamisha zoni hizo vijijini. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 mjini Bukavu kwa mkono wa daktari Denis Mukwege na jamii ya CEPAC, imejulikana duniani kote. Kwa hiyo tunapouliza nani alinde juma ile baada ya jino kutolewa, hatuulizi jambo lililo nje ya uwezo wetu. Mambo matano yanaweza kuanza bila kungoja mfadhili.

Kwanza, vituo vya afya vya makanisa viweke kurudi kwa mgonjwa ndani ya bei ya kutoa jino. Anayelipa siku ya kwanza awe amelipia pia kuangaliwa siku ya tatu na siku yoyote ya hatari katika juma ile. Bei ikiongezeka kidogo, ielezwe waziwazi. Mtu akijua kwamba amekwisha kulipia, hatangoja mpaka shingo ivimbe. Huu ni uamuzi wa kamiti ya kituo, na unaweza kuchukuliwa katika mkutano mmoja.

Pili, kila anayetolewa jino aende nyumbani na karatasi yenye maneno machache ya Kiswahili, au ya Kinande, Mashi, Kihunde au Kinyarwanda kulingana na mahali: nini ni cha kawaida, nini ni cha hatari, na namba ya simu ya kituo. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya ndugu yake.

Tatu, mashemasi na wamama wa parokia tayari wanawatembelea wagonjwa na wenye kufiwa. Wamwongeze aliyetolewa jino kwenye orodha yao, kwa siku ya tatu na ya tano. Hawahitaji kuwa waganga. Wanahitaji kuuliza mambo manne: unaweza kumeza? unaweza kufungua kinywa? uvimbe unapungua au unaongezeka? una homa? Yule Msamaria tunayemhubiri hakuishia kufunga vidonda njiani. Alimfikisha mgonjwa mahali pa kulala, akalipa, akaahidi kurudi kulipia kitakachozidi. Kazi ya siku za baada ilikuwa sehemu ya huruma yake.

Nne, vikundi vya akiba, iwe AVEC, likirimba au mituele ya afya pale ilipo, vitenge kisanduku kidogo cha usafiri wa dharura, na vipatane mapema na mwenye moto au gari anayeaminika. Usiku wa hatari si wakati wa kuanza kutafuta franga na dereva.

Tano, vyumba vya maombi. Tunajua kwamba katika sehemu nyingi mgonjwa aliyevimba uso hupelekwa kwanza kuombewa, na wengine husema amerogwa. Kumwombea mgonjwa ni wajibu wetu. Lakini kiongozi wa maombi anayemwona mtu amevimba chini ya kidevu, anatokwa mate na sauti imebadilika, anapaswa kumpeleka hospitalini saa ileile na kuendelea kuomba njiani. Wachungaji waseme hivyo madhabahuni, kwa maneno yaliyo wazi, ili pasiwepo mtu atakayeona kwamba kwenda kwa munganga ni upungufu wa imani.

Hospitali zetu nazo zina la kujibu. Kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya fakitira kunawatisha wengine kumi wasije. Tunajua hospitali bila mapato haiwezi kununua hata gazi. Lakini mpango wa kulipa polepole, ukidhaminiwa na parokia, ni bora kuliko mgonjwa anayekuja akiwa amechelewa, asiyeweza kulipa wala kupona.

Ya kukumbuka nyumbani

Saa 24 za kwanza: usisukutue kinywa, usiteme kwa nguvu, usinyonye kwa mrija, usivute sigara wala kunywa pombe. Kula vitu laini visivyo vya moto, kama uji uliopoa, viazi vilivyopondwa, au mchuzi wa maharagi. Kuanzia siku ya pili, sukutua polepole baada ya kula kwa maji yaliyochemshwa yakapoa kidogo, nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa glasi moja. Piga mswaki meno mengine kama kawaida, ukijihadhari na shimo.

Rudi kwa munganga siku ileile: damu isiyokatika, maumivu yanayorudi kwa nguvu baada ya siku ya pili, usaha, homa, au uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu. Mdomo au kidevu kikibaki na ganzi baada ya siku ya kwanza, mwambie munganga pia. Mara nyingi hisia hurudi polepole, lakini lazima ajue.

Nenda hospitali kubwa mara moja, hata usiku: kushindwa kumeza mate, kupumua kwa shida, ulimi kuinuka, sauti kubadilika, uvimbe mgumu chini ya kidevu au shingoni, jicho kufungwa na uvimbe. Mgonjwa huyu asilazwe chali. Akae kitako, ameinama mbele kidogo, mpaka afike. Anayempeleka asikubali kuwekwa kwenye benchi. Amwambie muuguzi wazi: mgonjwa huyu hawezi kumeza na anapumua kwa shida. Maneno hayo ndiyo yatakayomfanya apokelewe kwanza.

Hatuwezi leo kufungua uwanja wa ndege wala mabenki, wala kuondoa vizuizi barabarani. Lakini juma la mgonjwa mmoja katika parokia moja tunaweza kulihesabu. Siku ya Mungu ijayo, mkimwona ndugu amefunga kitambaa shavuni, muulizeni jino lilitolewa siku gani, kisha hesabuni pamoja naye.